Mwongozo wa Kiherehere Kitakatifu

Kila mtaa una mtu anayejua. Anajua taa ya nani haijawaka tangu juzi, bodaboda ya nani imechukuliwa na mwenye mkataba, na kwa nini mama wa nyumba ya kona siku hizi anapita njia ya nyuma. Watu wanamwita mmbea na wanashusha sauti akipita. Mimi namwona ni hazina ya kanisa iliyoachwa bila kutumika. Semina zinaandaliwa, mada inatolewa, chai na vitumbua vinaliwa, ili Wakristo wajifunze kuwatambua wenye shida, na huku mtu huyo anawatambua wote kwa majina akiwa amekaa kibarazani anachambua mchicha. Macho anayo. Kilichobaki ni kumwongoza miguu na kumtunza mdomo. Mwongozo huu ni wake. Ni wa Mkristo mpole asiyeingilia ya watu pia, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwenye ugonjwa mkubwa zaidi.

Tuanze na Maandiko, maana ukianza kazi hii utasomewa mistari. Katika sura ya 4 ya waraka wake wa kwanza, Petro anamtaja mtu anayejiingiza katika mambo ya wengine, na anamweka mstari mmoja na muuaji na mwizi. Paulo naye, akimwandikia Timotheo mara ya kwanza, sura ya 5, anawakemea wanaozunguka nyumba kwa nyumba wakisema yasiyowapasa. Nakubaliana na mitume wote wawili. Walichokikemea kinajulikana: habari inatoka nyumba hii, inaongezwa chumvi njiani, inaishia nyumba ile. Kiherehere ninachokifundisha hapa kinatoka nyumba hii na kinarudi nyumba hiyo hiyo, kikiwa na kitu mkononi.

Mwalimu wa somo ni mama yake Yesu, na darasa ni harusi ya Kana, Yohana sura ya 2. Yeye alikuwa mgeni tu, hakuwa mjumbe wa kamati. Lakini aliona divai imekwisha kabla mkuu wa meza hajaona. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi, akasikia jikoni wanasema pilau haitafika meza za nyuma, anaijua aibu iliyokuwa inamkaribia yule bwana harusi. Maria alifanya nini? Aliwaambia watu wa aina mbili: mwanawe, ambaye angeweza kufanya jambo, na watumishi, ambao wangeteka maji. Basi. Mkuu wa meza alionja divai bila kujua imetoka wapi, bwana harusi akasifiwa mbele za watu, na wageni wakaendelea kula bila kusikia chochote. Ukisahau yote mengine ya mwongozo huu, lishike hili: ukiona upungufu wa mtu, mwambie yule tu anayeweza kuujaza.

Mahali pa kutazama

Hakuna haja ya kuchungulia dirishani. Shida ya mtu wa mtaani kwetu inaonekana barabarani, kwa anayetaka kuiona.

Tazama taa. Umeme wa Luku unalipiwa kabla ya kutumika, kwa hiyo nyumba ikikaa giza siku ya tatu huku majirani wote wanao, yamkini uniti zimekwisha na hela ya kununua nyingine haipo. Tazama kamba ya kuanikia nguo. Mzee anayeishi peke yake, ambaye kila Jumamosi huanika shuka, akipitisha Jumamosi mbili bila kuanika, mguu au mgongo umegoma. Tazama jiko. Nyumba iliyokuwa inawasha moto mara mbili kwa siku, ikianza kuwasha mara moja, watoto wake wanakula mara moja.

Kisha mzoee Mangi wa dukani, kwa heshima. Yeye anajua nani ameshuka kutoka kilo ya unga hadi nusu, na nani aliyekuwa ananunua mafuta ya chupa sasa ananunua ya kupima. Usimwombe akutolee siri za wateja wake. Mwambie neno moja tu: kukiwa na mama anayerudishwa kwa sababu deni lake kwenye daftari limekuwa kubwa, unga wa siku hiyo uandike kwangu. Mwenye duka mwenye utu atakuelewa, na hutahitaji kujua jina.

Katika mfano wa Msamaria, Luka sura ya 10, kuhani alimwona yule mtu aliyepigwa. Mlawi naye alimwona. Macho ya wote watatu yalifanya kazi sawasawa kwenye barabara ile ya kushuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, ya kilomita zipatazo 27. Wawili walipita kando. Wa tatu alisogea. Kwa hiyo usijisifu kwa kuona. Katika mfano ule hata waliopita waliona.

Namna ya kusalimia

Hapa naomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu sehemu kubwa ya huduma hii inafanyika katika salamu, na sehemu kubwa ya salamu zetu tunazitupa.

Adabu yetu inataka jibu la kwanza liwe zuri. "Habari za nyumbani?" "Nzuri." Hata aliyetoka kumzika ndugu yake jana ataanza na "nzuri", kisha atavuta pumzi na kusema "ila". Ujumbe wote umo ndani ya ile ila, na mtu mwenye haraka anakuwa ameshapita. Kwa hiyo simama. Usitembee huku unasalimia. Ukishapokea "nzuri" yako, subiri kidogo, halafu uliza swali la pili lenye mtu ndani yake: "Na yule kijana aliyekuwa anatafuta kazi Morogoro?" "Mguu wa mama unaendeleaje?" Swali la namna hiyo linamwambia mtu kwamba mara ya mwisho mlipoongea ulikuwa unasikiliza.

Jifunze pia kusikia majibu. "Tupo tu" ni jibu la aliyechoka. "Tunasukuma siku" lina njaa au deni ndani yake. "Namshukuru Mungu" lina sura mbili: likitoka kwa sauti ya juu ni shukrani, likitoka polepole huku mtu akitazama chini, anakuomba uulize zaidi. Na mtu wa mzaha, yule anayechekesha kijiwe kizima, akijibu kwa neno moja, fuatana naye hadi kwake.

Wazee wanapata shikamoo nyingi kwa siku kutoka kwa watu wasiosimama. Bibi anasema "marahaba" na mgongo wa aliyesalimia tayari umefika kona. Mpe dakika tano. Muulize usiku alilalaje. Wazee wengi hawalali, na hakuna anayewauliza. Katika dakika hizo tano utajua kama dawa ya presha imebaki au imekwisha, kama mjukuu anayekaa naye anampikia au anamfokea, kama kadi ya kliniki anajua ilipo. Hujafanya muujiza wowote. Umesimama.

Daftari la michango

Maaskofu Wakatoliki wa ukanda wetu, waliounganishwa katika AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, wakaamua kwamba uhai wa Kanisa ujengwe katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Hoja yao ilikuwa ya kawaida kabisa: katika parokia yenye maelfu ya waumini mtu anaweza kuumwa, kufiwa na kupona bila mwenzake wa benchi kujua, katika nyumba chache za mtaa mmoja hawezi. Walutheri nao wana jumuiya zao, na hoja ni hiyo hiyo. Naiona ni mojawapo ya hoja bora kuwahi kutolewa na kanisa katika nchi zetu.

Lakini jumuiya nyingi zimegeuka vituo vya kukusanyia michango. Kuna wa ujenzi, wa askofu, wa gari la paroko, wa sherehe ya somo wa jumuiya. Jumamosi asubuhi Injili inasomwa haraka, na daftari linasomwa taratibu, jina kwa jina. Asiyelipa anasikia jina lake. Mara ya pili anachelewa makusudi. Mara ya tatu haji, na katibu anaandika kwamba amelegea kiimani.

Mtu wa kiherehere kitakatifu analisoma daftari hilo kwa namna nyingine. Mama aliyekuwa analipa kila mwezi tangu Januari, akaacha Agosti, ametoa taarifa: Agosti kuna kitu kilitokea. Huenda biashara imekufa, mume ameondoka, mtoto amelazwa. Kabla ya kumwita mdaiwa sugu, nenda ukamtembelee, na usiende na daftari. Familia inayokwepa zamu ya kupokea jumuiya nyumbani kwake mara nyingi haina viti, au haina sukari ya chai, au haina jibu la swali "baba yuko wapi?" Beba viti. Nunua sukari. Swali la baba liache.

Kitabu cha Matendo, sura ya 6, kinaonyesha kanisa la kwanza likigundua kwamba wajane waliosema Kiyunani wanasahaulika katika mgawo wa chakula wa kila siku. Mitume hawakusema wajane wale wamelegea. Waliona mgawo una tundu, wakachaguliwa watu saba wa kuliziba, Stefano akiwa wa kwanza kutajwa. Kila jumuiya ingefaa kuwa na angalau mtu mmoja ambaye kazi yake rasmi ni kuuliza: nani hayupo, na nani amekwenda kumwona?

Kutoa bila kumvua mtu nguo

Boazi, katika kitabu cha Ruthu sura ya 2, alitaka kumsaidia mjane mgeni aliyekuwa anaokota masazo shambani. Angeweza kumpa gunia na hotuba. Aliwaagiza wavunaji wake wachomoe masuke makusudi kutoka kwenye matita na kuyaacha chini, na wasimkaripie. Ruthu akaondoka jioni na shayiri aliyoiokota kwa mikono yake mwenyewe.

Sharika zetu za Kilutheri zina chombo kinachofaa kwa kazi hiyo hiyo: mnada wa baada ya ibada. Bibi ameleta jogoo wake kama sadaka, na jogoo huyo pengine ndiye wa mwisho bandani. Mnunue kwa bei nzuri, kisha mrudishie bibi mwenyewe, ukisema wewe nyumbani huna banda. Kanisa limepata, bibi ametoa sadaka yake kamili, na jogoo amerudi kwake. Nimeona watu wakifanya hivyo na sijaona njia nzuri zaidi ya kumheshimu maskini anayetaka naye kutoa.

Ukituma hela kwa simu, tuma na ya kutolea. Hili ni dogo na ni kubwa. Anayepokea elfu ishirini na kukatwa makato kwa wakala anakuta hela yake haitoshi tena kununua dawa ya elfu ishirini. Ukiongeza ya kutolea, umemwonyesha kwamba ulifuata safari ya hela yako hadi mwisho, hadi dirishani kwa mfamasia. Msamaria alifanya hivyo: alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, yaani ujira wa siku mbili, na akaahidi kwamba kikizidi chochote atalipa akirudi. Aliendelea na safari yake, maana naye alikuwa na shughuli zake. Ila alipanga kurudi.

Na picha usipige. Unga wa kilo tano hauhitaji kamera. Mtoto aliyepigwa picha akipokea daftari na kalamu mbele ya bango ataiona picha hiyo tena akiwa sekondari, na wenzake wataiona pia.

Msibani

Katika msiba hatuhitaji kufundishwa kuja. Turubai linafungwa, viti vinafika, kina mama wanashika masufuria, rambirambi zinaandikwa, kwaya inaimba mpaka usiku. Sifa hiyo tunastahili. Tatizo ni siku turubai linaposhushwa. Viti vinarudishwa kwa mwenye kukodisha, ndugu wa mikoani wanakwenda stendi, na mjane anabaki na nyumba yenye kelele za sufuria moja.

Huduma ya kiherehere kitakatifu inaanza siku hiyo. Andika tarehe kwenye kalenda yako. Wiki ya tatu, nenda. Mwezi wa pili, nenda. Usiende kuuliza "umeshapoa?" Nenda ukamenye naye viazi. Mpe nafasi ya kumtaja marehemu kwa jina, kwa sababu wengi wanaliogopa jina hilo na wanaliruka, na yeye anatamani kulisikia. Kama wapo wanaotupia jicho shamba au nyumba, mfuatane kwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kwa msaidizi wa kisheria kabla karatasi hazijaanza kupotea. Kumpeleka mjane ofisini na kukaa naye kwenye benchi nusu siku ni ibada kamili.

Ukiwa huko, chunga mdomo. Rafiki watatu wa Ayubu walipofika walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Zile siku saba walikuwa wachungaji wazuri. Waliharibu walipoanza kueleza sababu. Usimweleze mama aliyefiwa na mtoto kwamba Mungu alimhitaji zaidi. Elia naye, alipokata tamaa jangwani akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimwamsha mara mbili akampa mkate na maji, na kati ya mara hizo mbili alimwacha alale. Unapokwenda kwa aliyevunjika moyo, anza na uji.

Aliye ndani ya geti lako

Ni rahisi kumhurumia wa mtaa wa pili na kumpita dada wa kazi anayekupikia. Tajiri wa Luka sura ya 16 hakumpiga Lazaro, hakumtukana, hakumfukuza. Alimzoea tu hapo getini. Yesu amempa ombaomba jina, tajiri hakupewa.

Basi tuulizane waziwazi. Dada aliyeko nyumbani kwako anaitwa nani kwa jina la kwao? Jumapili anakwenda kusali, au anabaki kupika cha mchana ili wewe ukirudi kanisani ukute meza tayari? Mshahara wake unalipwa tarehe gani? Mara ya mwisho kuongea na mama yake ilikuwa lini? Mlinzi anayefungua geti usiku amekula nini? Sina imani na huduma ya Mkristo anayejibu maswali ya mtaa mzima na kushindwa haya.

Kuna mahali pia ambapo kunyamaza ni dhambi. Mtoto mwenye alama za fimbo zisizopona, binti wa kazi anayejifungia bafuni mwenye nyumba akiingia, mke anayevaa mtandio hadi machoni: hapa habari haibaki kati yenu wawili. Mpelekee anayeweza kujaza upungufu huo. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 ya msaada kwa watoto inapigwa bure. Mzee wa kanisa anayesema mambo hayo yamalizwe kifamilia umsikilize kwa adabu, kisha upige.

Aliye nje ya kanisa lako

Utaulizwa kama huduma hii ni kwa ajili ya walokole tu, au Wakatoliki tu, au wenye kadi ya usharika. Mfalme Juliano wa Roma, aliyeukataa Ukristo na kutaka kurudisha miungu ya zamani, alimwandikia kuhani wake mmoja karibu na mwaka 362 akilalamika kwamba Wagalilaya, yaani Wakristo, wanawalisha maskini wao na wa kwetu pia. Ni malalamiko, na ni ushuhuda mzuri kuliko hotuba nyingi za maaskofu.

Mitaa yetu ya Pwani inalielewa hili vizuri. Jirani Mwislamu anakuletea sahani ya futari, na wewe unamwangalizia watoto akienda hospitali kujifungua. Endelea hivyo, na uongeze. Msamaria wa Yesu alikuwa mtu wa upande mwingine wa dini, na ndiye aliyewekwa kuwa kielelezo.

Neno la mwisho ni kwako wewe mwenyewe mtoa huduma. Ukiulizwa habari zako, jibu. Umekuwa wa kuuliza, wa kubeba uji, wa kutuma na ya kutolea, na watu wamezoea kwamba kwako mambo ni salama siku zote. Siku ambayo si salama, iseme ile ila yako. Anayekataa kuonwa anawanyima wenzake nafasi ya kumhudumia, na anamfundisha mwenye shida kwamba shida ni aibu.

Jumamosi hii, kabla daftari halijafunguliwa, nyosha mkono ukaulize ni nani hajaonekana mwezi huu. Likitajwa jina, sema wewe utakwenda, na uende siku hiyo hiyo, kabla ya saa sita, kabla jua halijakuwa sababu.